Wavu Mtupu Nao Una Habari

Mvuvi wa Ruaruke akirudi kutoka delta ya Rufiji bila kamba hata mmoja, wenzake hawaridhiki na neno "hakuna". Humwuliza alitega wapi, jicho la wavu wake lina ukubwa gani, maji yalikuwa bamvua au mafu, naye alikaa muda gani. Akijibu sawasawa, wavu mtupu huwa habari ya kuaminika.

Wanafizikia nao wana wavu wao. Kwa hesabu iliyozoeleka, elektroni huhesabiwa leptoni 1, na antinyutrino hutoa 1. Nyutroni igeukapo protoni hutoa zote mbili, na jumla hubaki sifuri. Viini vya gerimani 76 hugeuza nyutroni 2 kwa mara moja. Mwaka 1937 Ettore Majorana, Mwitalia, alitoa wazo kwamba huenda nyutrino na antinyutrino ni chembe ile ile. Kama ndivyo, elektroni 2 zingeweza kutoka peke yake, na hesabu ya leptoni ingevunjwa. Jumla ya nishati yao ingekuwa daima kilo-elektronivolti 2,039. Alama hiyo ndiyo inayotafutwa.

Jaribio la GERDA liliisubiri chini ya mlima Gran Sasso, Italia, mwamba wa mita 1,400 ukikinga miale itokayo angani. Mwaka 2020 likatangaza kwamba haikuonekana. Halikuishia hapo: likasema, kwa uhakika wa asilimia 90, kwamba nusumaisha ya mgeuko huo, yaani muda wa nusu ya viini kugeuka, inazidi miaka 1.8 × 10²⁶. Mwanafunzi wa kidato cha sita aweza kujikokotolea: kilo 1 ya gerimani 76 ina viini 7.9 × 10²⁴ hivi, na kwa nusumaisha hiyo kingegeuka kimoja tu katika miaka 33. Si ajabu watafiti walihitaji makumi ya kilo.

Katika maabara nyingi za shule mambo huenda kinyume. Mwanafunzi asiyeona badiliko huandika lililomo kitabuni, maana ajua alama ziko huko. Huyo hajifunzi fizikia. Ajifunza kudanganya kwa adabu. Yampasa mwalimu aulize maswali ya wale wavuvi. Atakayejibu kwamba mizani yake haioni chini ya gramu 0.1, hivyo badiliko, kama lipo, ni dogo kuliko hapo, apewe alama zote, na yule mwenye jibu la kitabuni aambiwe arudie kupima.