Shokapu ngumu haiongezi uwezo wa pikapu

Kila msimu wa mavuno, pikapu zinazosomba mpunga kutoka Mpimbwe kwenda Mpanda hujazwa hadi nyuma inainama, kisha fundi huambiwa afunge shokapu ngumu zaidi. Hiyo ni fedha inayopotea. Mzigo hubebwa na springi. Kazi ya shokapu ni kutuliza mruko wa springi ili tairi lisiachie barabara. Ikiwa ngumu kupita kiasi, gari likiwa tupu hurukaruka na breki hazishiki vizuri.

Barabara ya lami ya Tabora hadi Mpanda ilizinduliwa mwaka 2022, lakini mashamba mengi hayako kando ya lami. Kwenye vumbi na mashimo, oili ndani ya shokapu hupata moto, hutoa povu na nguvu hupungua. Zenye gesi huhimili zaidi, ingawa bei ni kubwa. Mkulima anayebeba mzigo siku chache kwa mwezi zinamtosha za kipimo cha kiwandani, abadilishe za kulia na kushoto kwa pamoja, na bushi zikaguliwe kwanza. Inayovuja oili, hata muuzaji wa mtumba aifute vipi, imekwisha.