ALIYEZALISHA TAKA NDIYE ALIPE

Katika ulipaji wa gharama za taka haki haitendeki. Kwenye mitaa mingi ya Dar es Salaam, mama aliyepanga chumba kimoja hudaiwa ada ya taka kila mwezi, hata kama taka zake hazijazi ndoo. Lakini mwenye kiwanda anayemwaga sokoni chupa za plastiki, ambazo mwisho wake ni mferejini, ufukweni au jaani Pugu Kinyamwezi, huhesabu kwamba chupa ikishatoka langoni mwake si yake tena. Faida ni yake, uchafu ni wetu. Wahenga walinena kuwa mchuma janga hula na wa kwao. Katika biashara hii mchuma janga hali kabisa; wanaokula ni jirani zake.

Hali hii haikushuka kutoka mbinguni. Kila mtu mzima anakumbuka, na hata leo anaona, utaratibu wa soda ya chupa ya kioo. Anayetaka kuondoka na chupa huacha fedha dukani. Akiirudisha, hurudishiwa fedha zake. Kreti tupu hurudi kiwandani, chupa zikaoshwa na kujazwa tena. Hakuna anayeitupa barabarani, kwa kuwa kuitupa ni kutupa fedha. Huo ndio uchumi wa mzunguko unaohubiriwa leo katika semina kana kwamba ni elimu mpya. Ilipoletwa chupa ya plastiki isiyo na amana, mwenye kiwanda aliondokewa na gharama ya kukusanya na kuosha. Gharama hiyo haikufa. Ilihamia kwa halmashauri, kwa mlipa ada, na kwa mwokota makopo anayeinama juani kutwa nzima kwa malipo hafifu ya kilo.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha kukubali kwamba mchafuzi ndiye alipe. Na marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, iliyoanza tarehe 1 Juni 2019, ilithibitisha kwamba Serikali ikiamua, inaweza. Lakini si kila kifungashio kinaweza kupigwa marufuku, maana watu lazima wanywe maji na dawa lazima zifungwe. Pale marufuku isipofika, hapana budi ushuru na amana vifike.

Wenzetu wamejaribu na matokeo yanaonekana. Ayalandi iliweka tozo ya senti 15 za euro kwa kila mfuko wa plastiki mwezi Machi 2002, na matumizi yakaanguka kutoka mifuko 328 kwa mtu kwa mwaka hadi 21. Uingereza ilianza mwaka 1996 kutoza pauni 7 kwa kila tani ya taka za kawaida inayofukiwa. Mwaka 2024 tozo hiyo ilikuwa imepita pauni 103, na kufukia taka hakukuwa tena njia rahisi ya mvivu. Ujerumani, tangu mwaka 2003, hutoza amana ya senti 25 kwa chupa na makopo yanayotumika mara moja, na karibu yote hurudi.

Watakuwapo wa kusema kwamba bei zitapanda na mnyonge ataumia. Huruma hii ya ghafla kwa mnyonge tuipokee kwa tahadhari. Amana si kodi, kwani hurudi mkononi mwa aliyeitoa, na asiyeirudisha chupa humwachia mwokotaji riziki. Tena mnyonge anaumia sasa hivi, pale mfereji ulioziba kwa plastiki unapoingiza mafuriko chumbani mwake.

Wengine watatutajia Kenya, ambako mwaka 2024 tozo ya mazingira ilikuwamo katika Muswada wa Fedha uliokataliwa na wananchi mabarabarani hadi ukaondolewa. Somo la Kenya tulisome sawasawa. Tozo inayogusa mahitaji ya lazima kama nepi za watoto, huku mwananchi haoni taka zake zitakusanywaje, kwake ni kodi iliyovikwa kanzu ya kijani. Hatuitetei tozo ya namna hiyo.

Tunachodai ni mambo matatu. Amana iwe ya lazima kwa kila chupa ya kinywaji, ya plastiki kama ya kioo. Watengenezaji na waagizaji walipe ushuru kwa uzito wa vifungashio wanavyoingiza sokoni, na apunguziwe yule anayethibitisha kuvirudisha kiwandani. Hoteli na maduka makubwa yalipe kwa kadiri ya taka yanazotoa, na ada ya kaya ndogo ipungue. Fedha hizo ziwekwe katika mfuko wake, na hesabu zake zibandikwe hadharani katika kila ofisi ya mtaa, ili zisiyeyuke katika posho na safari.

Mwenye kuvuna faida avune na taka zake. Asiyetaka kuzivuna, azilipie.