Mjomba, taarifa ya habari na king'amuzi kilichokataa waifai

KUNA wazee watatu au wanne kule Msambweni ambao hukutana barazani kila asubuhi, kahawa chungu mkononi, wakaijadili taarifa ya habari ya usiku uliopita kana kwamba wao ndio waliotumwa na Bunge. Mmoja wao ni mjomba wangu, mwalimu mstaafu. Lakini kwa muda wa miezi kadhaa mjomba alikuwa akikaa kimya tu, anakunywa kahawa yake, anaaga na kwenda zake. Wenzake wakadhani mzee anaumwa.

Hakuwa akiumwa. Tatizo lake lilikuwa saa. Kama ujuavyo, mpenzi msomaji, taarifa ya habari kwa Kiswahili katika stesheni zetu kubwa husomwa saa moja jioni. Huku pwani, saa moja jioni huangukia kati ya magharibi na isha, na mjomba akishaingia msikitini magharibi hatoki mpaka isha iswaliwe. Akifika nyumbani hukuta habari zimekwisha na watoto wanatazama mchezo wa kuigiza. Gazeti nalo macho yake hayaliwezi tena. Hata haya ninayoandika husomewa na bintiye. Redio je? Redio anayo, ila aliwahi kuniambia kwamba habari bila sura ya msemaji ni kama barua isiyo na sahihi. Sikubaliani naye, lakini nani atabishana na mwalimu?

Kilichonishtua ni simu ya mkazamjomba. Alininong'oneza kwamba mzee ameanza kurudi nyumbani mara tu baada ya magharibi, na isha anaiswali peke yake chumbani. Imamu ameshauliza mara mbili kama yu mzima. "Njoo umtazamie hicho king'amuzi chake," akasema. "Nasikia siku hizi kinaweza kuingizwa intaneti, mtu akaona habari saa aitakayo. Mimi sitaki mume wangu aache jamaa kwa sababu ya televisheni."

Basi Jumamosi moja nikavuka feri ya Likoni, nikapanda matatu ya barabara ya Lunga Lunga, nikapita Ukunda na minazi yake, nikafika Msambweni wakati wa chakula cha mchana. Baada ya shikamoo na marahaba, na wali wa nazi ambao nisingeweza kuukataa, mzee akanipeleka uani na kunionyesha dishi lililo juu ya paa.

"Mwanangu, hilo si linashika mitambo iliyo angani? Na intaneti nayo si hutoka huko huko? Basi tunatafuta nini kingine?"

Hili ni swali ambalo nimelisikia hata kwa watu wenye shahada, kwa hivyo tulitazame vizuri. Satelaiti za televisheni zimewekwa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, na huzunguka sambamba na dunia hivi kwamba kwetu sisi huonekana zimesimama mahali pamoja. Moja ya zile zitumiwazo sana Afrika Mashariki iko kwenye nyuzi 36 mashariki, yaani karibu kabisa na utosi wetu sisi wa pwani. Ndiyo maana madishi mengi huku yametazama juu kama mabakuli, na mvua ikinyesha maji hutuama ndani yake. Dishi la namna hiyo lina sikio tu, halina mdomo. Linapokea kile kinachomwagwa kutoka juu, sawa kwa kila nyumba, lakini haliwezi kurudisha ombi la mjomba kwamba anataka habari za saa moja azione saa mbili na nusu. Intaneti ni mazungumzo ya pande mbili.

Yako madishi mengine yanayoleta intaneti, kama yale ya Starlink yaliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023. Hayo huzungumza na satelaiti ndogo ndogo zilizo umbali wa kilomita 550 hivi tu, nayo yana sikio na mdomo pia. Yakiwa mawili juu ya paa moja yanaweza kumchanganya mpita njia, lakini kazi zao ni mbali mbali.

Kwa mjomba, intaneti ilikuwa tayari imo nyumbani. Bintiye, binamu yangu ambaye yuko chuoni Mombasa, ana ruta ndogo inayotumia laini ya simu, aliyonunuliwa kwa ajili ya masomo. Kazi yangu ilikuwa kukifanya king'amuzi kisikie ruta hiyo. Nikajisemea, dakika kumi. Lo!

King'amuzi cha mjomba ni cha kununua mara moja, kisichodai malipo ya mwezi. Nikakigeuza nyuma. Hapo ndipo pa kuanzia, msomaji, kabla hujatumia hata senti moja. Ukiona tundu la mraba kama la waya wa simu ya mezani, lakini pana zaidi, unaweza kuunganisha kwa waya kutoka kwenye ruta, na kama ruta iko karibu basi fanya hivyo tu, kwani waya haujui ukuta wala jirani. Ving'amuzi vipya vina waifai ndani yake. Kingine kina tundu la USB tu, na huhitaji kile kidude kidogo chenye umbo la flashi. Cha mjomba kilikuwa cha aina hii ya mwisho.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu huliwa pesa. Si kila kidude cha waifai hukubaliwa na kila king'amuzi. Kompyuta hukipokea chochote, lakini king'amuzi kina programu chache tu ndani yake. Vingi vya aina ya mjomba hukubali vidude vyenye chipu iitwayo RT5370 au MT7601. Nilikuwa nimekuja na changu kizuri, cha bei, kutoka mjini. King'amuzi hakikukitambua hata kidogo. Ikabidi nirudi hadi Ukunda kwa pikipiki, nikanunua kingine cha bei ndogo sana, na hicho ndicho kilichowaka taa. Kwa hivyo, kabla ya kununua, chukua king'amuzi chenyewe uende nacho dukani, au angalau andika jina na namba yake, ukamwambie muuzaji akujaribishie.

Tukaingia kwenye menyu, tukatafuta mtandao. Kikaorodhesha majina mawili ya majirani; la ruta ya binamu halikuwemo! Ruta ilikuwa chumba cha nyuma, dirishani, ili ishike mlingoti wa simu. Nyumba ya mjomba imejengwa kwa mawe ya matumbawe, kuta nene za kizamani ambazo huzuia joto la Februari, na kumbe huzuia na mawimbi pia. Zaidi ya hayo, ruta hii hutoa mawimbi kwa masafa mawili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ya 5 yana kasi lakini hufa ukutani haraka, ya 2.4 hupenya vizuri zaidi, na vidude vile nilivyovitaja huona hayo tu. Binamu, kwa ushauri wa wenzake chuoni, alikuwa ameyazima ya 2.4. Tukayawasha, tukaihamisha ruta hadi juu ya kabati la ukumbini, na jina likajitokeza.

Neno la siri nalo lilikuwa mtihani. Kuandika herufi kwa rimoti, moja moja, kubwa na ndogo, mzee akiwa nyuma yako anakusahihisha tahajia, ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Neno lenyewe lilikuwa na alama moja ambayo rimoti haikuwa nayo kabisa. Tukalibadilisha. Na hilo lilikuwa jema, kwa maana mpaka siku hiyo walikuwa wakitumia lile lile lililobandikwa chini ya ruta tangu kiwandani, ambalo kila mtoto aliyewahi kuja kucheza hapo alikuwa amelinakili.

Hatimaye yakatokea maandishi: imeunganishwa. Mkazamjomba akapiga kigelegele. Nikafungua YouTube, ambako stesheni zetu kubwa huweka taarifa za habari baada ya kuzisoma. Kikazunguka, kikazunguka, kikasema hakuna muunganisho. Nikazima, nikawasha. Vile vile. Waifai iko, intaneti kwenye simu iko, king'amuzi kinasema kimeunganishwa, na hakuna kinachofunguka.

Mzee akaita fundi. Kijana wa watu akaja, akatazama kwa dakika tatu, akatoa hukumu: king'amuzi kimepitwa na wakati, nunua kipya, shilingi elfu saba. Halafu akamvuta mjomba kando na kumwambia kwamba akinunua kwake atamwekea na "seva", apate stesheni zote za kulipia kupitia hiyo hiyo intaneti kwa ada kidogo ya mwaka. Mjomba akaniangalia. Nikamwambia wazi kwamba huo ni wizi: Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda matangazo ya televisheni kama inavyolinda vitabu, na anayeuza seva leo kesho akizima simu hutakuwa na mahali pa kumshtaki. Mwalimu aliyefundisha miaka thelathini na zaidi hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Fundi akaondoka na kinyongo kidogo.

Lakini nilibaki na aibu yangu. Jua lilikuwa linatua na adhana ya magharibi ilikuwa karibu. Mzee alikuwa ameshika kofia mkononi, anasitasita mlangoni, hajui aende ama akae. Nilijua akibaki siku hiyo atabaki na siku nyingine zote.

Ndipo binamu, aliyekuwa kimya na vitabu vyake pembeni, akainua kichwa. "Kaka, mbona king'amuzi kinasema leo ni tarehe mosi Januari 1970?"

Nikatazama pembe ya skrini. Kweli! Umeme ulikuwa umekatika asubuhi, na king'amuzi cha namna hii hakina betri ya kutunza saa. Hutegemea kuipata saa kutoka kwenye mawimbi ya satelaiti, na huo mpango kwenye menyu ulikuwa umezimwa. Una uhusiano gani na YouTube? Mkubwa. Tovuti zinapofunguliwa kwa njia salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. King'amuzi kinachodhani tuko mwaka 1970 huona cheti hicho bado hakijaanza kutumika, hukishuku, na kukataa kuingia. Hakikuwa kibovu. Kilikuwa na mashaka kwa haki kabisa, kulingana na kalenda yake.

Tukaweka saa ichukuliwe kutoka satelaiti, tukaongeza saa tatu za Afrika Mashariki. Tarehe ikarudi. YouTube ikafunguka.

"Nenda ukaswali, mjomba," nikamwambia. "Habari zitakungoja."

Akaenda. Aliporudi baada ya isha akaketi kwenye kiti chake, tukamfungulia taarifa ya saa moja tangu mwanzo. Katikati akainua mkono: "Simamisha hapo." Nikasimamisha. Akainama mbele, akamtazama yule waziri aliyekuwa akizungumza, kwa muda mrefu, kama mtu anayesahihisha daftari. "Haya, endelea." Nadhani alikuwa anataka tu kuona kama inawezekana kumnyamazisha waziri.

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Jumapili jioni binamu alikuwa na kazi ya chuo ya kutuma kabla ya saa sita usiku, na saa tatu data ikakatika. King'amuzi kilikuwa kimeimaliza. Kosa ni langu mimi: niliacha picha ijichagulie ubora wake, nayo ikachagua wa juu. Picha ya kawaida hula karibu gigabaiti moja kwa saa. Ya ubora wa juu hufikia gigabaiti tatu. Kwa mwenye kebo ya intaneti isiyo na kipimo hilo si neno, lakini kwa ruta ya laini ya simu ni msiba. Nikanunua data nyingine kwa pesa yangu, msichana akatuma kazi yake ikiwa imesalia saa moja na nusu, hakunisemesha mpaka kesho yake. Nikapunguza ubora wa picha, na tukakubaliana kwamba zamu ya masomo ndiyo ya kwanza, habari baadaye.

Nilimwonya mzee pia kwamba zipo siku intaneti itagoma bila kosa la mtu yeyote hapo nyumbani. Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari huko Afrika Kusini, Afrika Mashariki nzima ilisota kwa siku kadhaa. Dishi siku kama hizo huendelea kufanya kazi kama kawaida, kwa hivyo asilitelekeze. Alipande fundi walau mara moja kwa mwaka akaangalie zile ncha za waya, kwa maana upepo wa chumvi wa huku hula shaba taratibu, na akaziba vizuri kwa utepe wa mpira.

Juma lililopita nilimpigia simu mkazamjomba kujua hali. Akasema mzee hajaikosa isha tena. Tatizo sasa ni kwamba wale wazee wa barazani wamesikia, na kila usiku baada ya sala wanakuja naye wote. Amehesabu jozi saba za viatu mlangoni. Anataka kujua ni nani atakayelipia data, na kahawa je?

Nimemwambia nitampigia.