Mama mwenye mimba akianguka

Mama mwenye mimba anateleza karibu na bomba la maji, ao anaanguka toka juu ya kinga. Goti limechunika tu, na bwana yake anasema: «Si kitu.» Sisi hatukubali. Pigo dogo linaweza kubandua kondo la nyuma linalolisha mtoto, na damu isionekane inje. Mimba ikipita miezi 5, apelekwe hospitali siku ile ile. Huko wasikilize moyo wa mtoto na kuangalia kama tumbo linakaza, kwa muda wa saa 4 kwa uchache. Wewe mfanyakazi, usimharakishe munganga kwa sababu ya zamu yako! Mwenye damu ya rezusi negatifu aseme, maana sindano yake inatakiwa mbele ya saa 72 kupita. Akiisha kurudi nyumbani, tumbo likiwa gumu, damu ao maji yakitoka, mtoto akiacha kucheza, arudishwe hospitali, hata usiku.