Kura Haijazi Chungu

Walimu wenzangu, yako maradhi yanayotujia Uganda kila baada ya miaka mitano, nayo hushika ndimi za watu kwanza. Pita Kasese mjini, au soko la Mpondwe karibu na Bwera, siku chache baada ya kura kuhesabiwa, uulize: hali ya maisha yaendaje? Utajibiwa kwa jina la chama. Aliyeshinda atasema hali ni njema. Aliyeshindwa atasema tumekwisha. Kumbe wote wawili wamenunua sukari duka moja, kwa bei moja!

Mwaka 2016 upinzani ulitwaa viti vingi vya Bunge wilayani Kasese. Mwaka 2021 baadhi yake vikarudi kwa chama tawala. Je, kati ya miaka hiyo migodi ya shaba ya Kilembe, iliyosimama tangu miaka ya 1980, ilifufuka? La hasha. Mto Nyamwamba, uliofurika mwaka 2013, ulifurika tena Mei 2020 ukaiharibu hospitali ya Kilembe. Maji hayakuuliza kadi ya chama. Hata hivyo, waliokuwa wakilia waligeuka kucheka, na waliokuwa wakicheka wakaanza kulia. Kilichobadilika si chungu, bali mwenye kiti.

Wapo wasemao kwamba kura ni tumaini, na tumaini ni sehemu ya maisha. Nakubali, wala simkatazi mtu kupiga kura. Lakini tumaini ni la kesho. Hali ni ya leo. Avichanganyaye hawezi kumdai mbunge wake lolote: akishinda mpenzi wake atanyamaza kwa furaha; akishindwa atalalama pasipo kutaja kasoro hata moja. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi twakilalia, kisha twangoja mgombea atuambie kama twaumwa!

Hapa lawama yatufikia sisi. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi na somo la lazima. Nasi twamfundisha mtoto nini? Insha juu ya maendeleo ya wilaya, iliyojaa sifa zilizookotwa mikutanoni, twaipa alama nyingi. Tuzikate alama hizo! Mwanafunzi aandike maji huyateka umbali gani na kilo ya maharagwe ni bei gani, kabla ya kura na baada yake, kisha alinganishe. Lugha isiyoweza kuiita njaa njaa, yafaa nini kuitwa rasmi?