Ngarambe na historia ya maji: nani atafaidika nayo?

Huko Marekani, katika jimbo la Virginia, watu hulipa kiingilio ili kuona kinu cha maji kikisaga mahindi. Jirani na kinu hicho kuna kiwanda cha wiski, na humo pombe hupikwa kwa kuni na mitungi ya shaba kama ilivyofanyika zaidi ya miaka 200 iliyopita. Wageni wakiondoka hununua unga na wiski. Sisi tunaotangaza huku Rufiji na Kibiti tunajiuliza: jambo hili linatuhusu nini?

Linatuhusu sana, hasa wasikilizaji wetu wa Ngarambe.

Magofu yaliyogeuka kipato

Mahali hapo panaitwa Mount Vernon. Palikuwa shamba la George Washington, rais wa kwanza wa Marekani. Kiwanda cha wiski kilijengwa mwaka 1797, na mwaka 1799 kilitoa galoni karibu 11,000, yaani zaidi ya lita 40,000. Mwaka 1814 kiliungua, yakabaki mawe ya msingi chini ya udongo. Wataalamu walichimba, wakapima, kikajengwa upya palepale na kufunguliwa mwaka 2007.

Jambo la kuzingatia ni kwamba wengi wa waliofanya kazi pale walikuwa watumwa. Siku hizi wageni huelezwa habari zao pia, hawasimuliwi sifa za mwenye shamba peke yake.

Sisi tuna nini?

Ngarambe haina wiski, wala hatusemi ianze kupika. Kupika gongo bila leseni ni kosa kisheria. Ngarambe ina historia nzito kuliko kinu chochote.

Hapa ndipo alipoishi Kinjikitile Ngwale. Mwaka 1904, kwa mujibu wa masimulizi ya wazee, alichukuliwa na mzimu Hongo, akazama katika kilindi cha mto na kutoka akiwa mkavu. Watu walimiminika Ngarambe kuchukua dawa ya maji, wakiamini kwamba risasi za Wajerumani hazitawadhuru. Walikuwa wamechoshwa na kodi, viboko na kulimishwa pamba kwa nguvu. Julai 1905 pamba iling'olewa Nandete, huko Umatumbini, na vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile alinyongwa Mohoro.

Songea wana Makumbusho ya Majimaji, na kila Februari huwakumbuka mashujaa wao walionyongwa mwaka 1906. Mtu anayetaka kujua maji yenyewe yalitoka wapi, hana budi kuja Ngarambe.

Kijiji kifanye nini?

Ngarambe na Tapika tayari zina jumuiya ya uhifadhi wa wanyamapori, MUNGATA. Kwa hiyo kukaa pamoja na kujadili mapato ya wageni si jambo geni. Historia nayo inaweza kuingia katika mpango huohuo, mradi mambo matatu yatangulie.

Kwanza, wazee warekodiwe. Mengi tunayoyajua leo yalipatikana kwa sababu Gilbert Gwassa aliwahoji wazee miaka ya 1960. Simu uliyoshika mkononi inatosha: mwache babu au bibi aseme, kisha andika jina lake, kijiji na tarehe.

Pili, maeneo yasichimbwe ovyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla ya kuchimbua mahali pa kihistoria.

Tatu, mkutano mkuu wa kijiji ukubaliane mapema: nani ataongoza wageni, kiingilio kitakuwa kiasi gani, na fedha ziende zahanati, shuleni au kisimani.

Tusipokubaliana sasa, atakuja mwingine kusimulia habari zetu na kukusanya kiingilio. Mababu zetu walikataa kulima pamba ambayo faida yake ilikwenda kwa wengine. Tukumbuke hilo tutakapoketi kugawana faida ya jina lao.