Kukasimu Kazi Wodini Hakuishii Kwenye Agizo
Hoja ya kuwapunguzia wauguzi mzigo ni ya haki kabisa, ila kukasimu kazi, yaani muuguzi kumkabidhi msaidizi wake jukumu mahususi huku yeye mwenyewe akibaki kuwajibika kwa matokeo yake, hakukamiliki kwa kutaja kazi na mtendaji tu. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 2019 na Chama cha Wauguzi cha nchi hiyo pamoja na Baraza la Taifa la Bodi za Uuguzi za Majimbo unadai mambo matano yawe sahihi: kazi, hali ya mgonjwa, mtu anayepewa, maelekezo na usimamizi, na hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayopuuzwa kirahisi wodi inapofurika. Msaidizi akiambiwa tu akampime presha mama aliyejifungua kwa upasuaji, atapima, ataandika 88 kwa 50 kwenye chati, kisha ataendelea kutandika vitanda, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba namba ya juu ikishuka chini ya 90 muuguzi aitwe papo hapo, maana huenda mama huyo anavuja damu ndani kwa ndani. Kosa hilo si la msaidizi. Tathmini, yaani kupambanua maana ya dalili na kuamua hatua inayofuata, haikasimiwi hata siku moja, na hospitali inayotaka wasaidizi watoe taarifa mapema haina budi kuwaingiza katika makabidhiano ya zamu, ambamo mara nyingi wasaidizi hao huachwa nje wauguzi wanapopokezana habari za wagonjwa.